Sahani ya Shaima

Inakuwaje mtu akonde kwa njaa ilhali kila mchana huketi mbele ya sinia lililojaa wali, katikati ya watu wanaompenda, na mkono wake waonekana ukienda na kurudi? Mwanamina alikuwa na swali hilo tangu siku mwanawe alipolazwa, na jibu hakuwa nalo. Alilisaga pamoja na bizari, akalipepeta pamoja na mchele, akalala nalo na kuamka nalo. Yeye ndiye mpishi wa shughuli aliyetafutwa kuliko wote mtaani Shela, katika Malindi ya zamani. Harusi ambayo hakuipika yeye ilisemwa wiki nzima, na haikusemwa vizuri. Masufuria yake yalikuwa na sheria moja iliyojulikana na wote: akishayafunika na kuyapalia makaa juu ya vifuniko, hakuna mkono mwengine uliothubutu kuyafungua. Biriani ilimngoja Mwanamina, na watu waliingoja biriani.

Na mwanawe wa pekee, Shaima, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka wodini akiwa na mikono myembamba kama miiko ya mama yake. Daktari hakuzunguka. Alisema moyo wa binti umechoka kwa kukosa chakula. Akipungua tena atarudi wodini, na safari hiyo yeye daktari hatathubutu kuahidi lolote. Masomo ya chuo kule Kilifi yasimame kwanza. Kisha akawaandikia jina la mtu mmoja, wakamtazama wasimwelewe, kwa sababu walitarajia jina la dawa.

Mtu huyo aliitwa Kahonzi, mtaalamu wa lishe. Alifika Jumatano mchana, mkeka ukiwa umeshatandikwa. Alivua viatu mlangoni, akaamkia shikamoo kila aliyestahili, akaketi alipoonyeshwa. Siku hiyo wifi yake Mwanamina, Bi Muzne, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa amekuja kupanga harusi ya mwanawe Zayd. Bi Muzne alimtazama mgeni kuanzia kitambaa cha kichwani hadi vidole vya miguu.

"Huyu ndiye daktari wa chakula?"

"Mtaalamu wa lishe, Mama. Naitwa Kahonzi."

"Kahonzi wa wapi?"

"Kwetu Kaloleni. Naishi Kibarani, pale Kilifi."

"Haya basi! Tangu lini mtu akatoka Kaloleni akaja Malindi kutufundisha kula?"

Mwanamina alitamani ardhi ipasuke. Lakini Kahonzi alicheka kicheko cha kweli, akakunja mikono ya blauzi yake.

"Sikuja kufundisha kula, Mama. Nimekuja kula. Hata Kaloleni tumesikia kwamba humu ndimo alimo mpishi."

Bi Muzne alilivuta sinia karibu. Kawa lililofunika chakula likaondolewa, bakuli la kunawia likapitishwa, na wote wakalizunguka sinia moja la wali wa nazi na samaki changu wa kupaka: Bi Muzne, Kahonzi, Shaima, Mwanamina, na mumewe Abubakr aliyefunga duka mapema kwa ajili ya mgeni. Shaima alikuwa na mikono myepesi. Alimchambua changu, akamtoa miiba, kisha akavisogeza vipande vinono upande wa shangazi yake, na vyengine upande wa mgeni. Aliinua tonge, akasikiliza mazungumzo, akatabasamu, akalirudisha, akachambua tena.

"Mwamwona?" alisema Bi Muzne, akimeza alichokatiwa. "Huyu tangu mdogo ana adabu. Hawezi kula kabla hajamkatia mkubwa wake. Siku hizi watoto wa aina hii wamebaki wapi?"

"Ana mkono mzuri," alijibu Kahonzi, na hakuongeza neno.

Baadaye alimfuata Mwanamina jikoni, akasimama kando ya sinki.

"Bi Mwanamina, mwanao amekula nini leo?"

"Si ulikuwepo? Amekula wali na samaki, kama sisi."

"Nimeuona mkono ukifanya kazi. Mdomoni ulifika na punje tu. Upande wake wa sinia umepungua kwa sababu mimi nimeletewa na shangazi yake ameletewa. Mimi nimekula chakula cha watu wawili, Mama. Ndiyo maana nimesimama, nikiketi sitainuka."

Mwanamina aliiweka sahani aliyokuwa akiisugua. Kifua kilimjaa hasira asiyojua ni ya nani.

"Waniambia kwamba nimeketi na mwanangu miaka yote hii nisimwone?"

"Nakuambia kwamba sinia halionyeshi. Hata kwetu sima huwekwa moja na mboga huwekwa moja, kila mtu akachovya. Ni jambo la heri hilo, silitukani. Lakini mtu aliyeshikwa na maradhi haya anaweza kujificha ndani yake kwa miaka, na sisi tukamsifu." Kahonzi alishusha sauti. "Ni maradhi, Bi Mwanamina. Hayakuja kwa sababu umepika vibaya, wala kwa sababu mtoto ana maringo. Na chakula ndicho dawa yake ya kwanza. Kwa sasa ninaomba apewe sahani yake. Umpakulie wewe, asijipakulie yeye. Asubuhi, mchana na usiku, na kitu kidogo katikati. Kipimo nitakuonyesha mimi, na akikichukia kipimo hicho anichukie mimi, asikuchukie wewe. Wewe kaa naye tu mpaka amalize."

"Hata mahamri ale?"

"Hasa mahamri. Anayaogopa."

Bi Muzne alikuwa amesimama mlangoni, hakuna ajuaye tangu lini.

"Sahani peke yake?" alisema polepole. "Katika ukoo huu mtu wa mwisho kutengewa sahani alikuwa marehemu baba yetu, alipougua kifua kikuu. Sahani yake, kikombe chake, kijiko chake. Mtaa mzima ulijua. Leo mwataka kumfanyia hivyo msichana ambaye hajaposwa?"

* * *

Sahani ilikuwa nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Shaima aliichukia tangu siku ya kwanza. Kwenye sinia alikuwa mmoja wa watu. Mbele ya sahani alikuwa peke yake, na kila punje iliyobaki ilikuwa na jina lake. Alilia. Alisema wali umezidi chumvi. Alisema tumbo linamkata. Siku moja aliisukuma sahani hadi ukutani, akamwambia mama yake, "Waniangalia kama askari wa magereza," na Mwanamina akatoka, akasimama uani huku amejifunika uso kwa leso, kisha akarudi akaketi palepale.

Abubakr, aliyekuwa mtu wa maneno machache, alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Usiku huo alitaka naye apakuliwe katika sahani.

"Nimekuwa mpangaji katika nyumba yangu mwenyewe," alilalamika akiitazama. "Na huyu samaki, ni yeye mdogo au sahani ndiyo kubwa?"

"Kula, Baba Shaima."

"Nauliza tu. Mpangaji ana haki ya kuuliza."

Shaima alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kama kikohozi, lakini Mwanamina alikisikia, na kesho yake hakuna aliyelitoa sinia kabatini.

Kahonzi alikuja kila Jumatano. Hakuja na mzani wa kumpandisha binti mbele za watu. Kupimwa kulifanywa kliniki, Shaima akiwa ameupa mgongo mzani asizione namba zake. Nyumbani alikuja na njaa yake tu. Mchana mmoja waliketi wawili ukumbini, kila mmoja na hamri lake na bakuli la mbaazi za nazi, na Mwanamina akawa anakuna nazi nyuma ya pazia, akisikia kila neno.

"Dada Kahonzi, nikila hili moja, kesho nitataka mawili. Kesho kutwa manne. Sitaweza kusimama."

"Kesho mimi nitakuwa Kilifi na kesho kutwa sijui nitakuwa wapi. Leo niko hapa, na hamri ni moja. Tule la leo."

"Kichwa kinanipigia kelele."

"Kinasemaje?"

"Kinasema mimi ni mlafi. Kinasema wote watajua."

"Basi kiache kipige kelele, wewe tafuna. Ukingoja kinyamaze kwanza ndipo ule, hutakula. Kitanyamaza baadaye, polepole, mwili ukishashiba vya kutosha. Kwanza mkono, kisha kichwa. Haya, kata kipande. Mimi nakata changu."

Nyuma ya pazia mbuzi ya kukunia nazi ilisimama. Kisha Mwanamina akasikia ukoko wa hamri ukikatika.

"Wajua," alisema Shaima, mdomo ukiwa na chakula, "nikimpa mtu nyama yangu, husifiwa. Nikiila mwenyewe, hakuna asemaye kitu."

"Nimeliona hilo siku ya kwanza," Kahonzi alijibu. "Nilikula sifa zako zote na miiba hukuniachia hata mmoja."

Mwanamina aliegemea ukuta. Nani aliyemfundisha mtoto huyu kwamba msichana mwema ni yule anayewapa wengine na kubaki mikono mitupu? Aliwakumbuka wanawake wote waliowahi kumwambia "mwanao ana adabu", na jinsi yeye mwenyewe alivyowajibu, huku amejaa furaha, "Alhamdulillahi."

Mwili wa Shaima ulianza kurudi, polepole, na hapo ndipo ilipotokea balaa nyengine. Bi Muzne aliingia asubuhi moja, akampiga busu binti wa ndugu yake, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Mashallah! Umenawiri! Tazama mashavu haya, yamejaa kama maandazi! Sasa ndiyo msichana!"

Alisema kwa mapenzi. Pwani yote husalimiana hivyo. Mchana huo Shaima hakugusa sahani, na usiku hakuigusa, na asubuhi Mwanamina alimkuta amefunga mkanda wa kanzu kwa nguvu mpaka umemwachia alama. Jumatano Kahonzi alipoambiwa, alimwomba Bi Muzne waketi pamoja barazani.

"Mama, nina ombi. Tusizungumze mwili wa Shaima kwa sasa. Asiambiwe amekonda, wala asiambiwe amenenepa, wala amenawiri."

"Nisimsifu mtoto wa ndugu yangu? Tutasalimiana vipi sasa, kama polisi?"

"Muulize habari za masomo yake. Muulize anasoma nini."

"Mimi na vitabu wapi na wapi!" Bi Muzne aliinuka, akalikusanya buibui lake. "Mwanangu, mimi nimelea watoto sita. Sikuhitaji mtu wa kuniandikia salamu."

* * *

Harusi ya Zayd ilipokaribia, Bi Muzne alikuja jioni, akakataa chai, jambo lililomfanya Abubakr azime redio.

"Nimekuja kwa neno moja," alisema. "Watu wa Mambrui watakuja nyumba nzima. Mama yake bibi harusi, dada zake, wake wa ndugu zake. Wataketi ndani, kwenye sinia la heshima, na Shaima ataketi nao, kwa sababu Zayd ni ndugu yake na mahali pake ni hapo. Asipoketi watauliza yuko wapi. Akiketi na sahani yake kama mwenye ukoma, watauliza ana nini. Siku hiyo sitaki sahani."

"Wifi," Mwanamina alianza, "maradhi yenyewe..."

"Maradhi, maradhi! Nimewaambia kitambo apelekwe akasomewe dua, mkaniletea mtu wa Kaloleni na hamri. Sawa, mtoto amepata rangi, nashukuru. Lakini siku moja tu, Mwanamina! Siku moja ya sherehe yangu! Harusi yako ya kwanza kupika ulipewa na nani?"

"Na wewe."

"Ya pili?"

Mwanamina alijua, na Bi Muzne alijua, kwamba nusu ya nyumba zilizomwita kupika zilimwita kwa neno la wifi yake, na kwamba neno hilo linaweza kugeuzwa. Alimtazama mumewe. Abubakr alikuwa akizungusha kofia yake mikononi, akiitafuta alama ambayo haikuwapo.

"Labda siku moja," alisema Abubakr, "si neno."

"Haya," Mwanamina alisema. "Siku moja."

Alimpigia simu Kahonzi, akitumaini kukatazwa ili apate wa kumsingizia. Kahonzi hakumpa nafasi hiyo.

"Siwezi kuamua nyumbani kwako, Bi Mwanamina. Ukweli wangu ni huu: maradhi haya hayajui kitu kinachoitwa siku moja. Yakipata mlango, huingia na mizigo yake. Lakini Shaima ameshapigana nayo kiasi cha kuwa na la kusema. Umemuuliza mwenyewe?"

Hakuwa amemuuliza. Hata baada ya simu hakumuuliza. Alimwambia tu, akikunja nguo ili asimtazame, kwamba Ijumaa ataketi kwenye sinia la wageni na afanye bidii ale.

Shaima aliishika nguo iliyokuwa mikononi mwa mama yake.

"Hata jikoni? Sitaletewa sahani yangu hata jikoni?"

"Siku moja tu, mamangu."

"Sawa, Mama," alisema Shaima kwa sauti ya upole, ile ile iliyowapendeza watu wote.

* * *

Ijumaa, baada ya swala, uwanja wa nyumba ya Bi Muzne ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, wanawake ndani. Uani kulikuwa na masufuria manne, kila moja likiwa na makaa juu ya kifuniko, na Mwanamina kati yao kama nahodha. Kwa heshima ya watu wa Mambrui alifungua sufuria la kwanza kabla ya yote, akapakua masinia ya wanawake. Harufu ya zafarani na vitunguu vya kukaanga ilipita juu ya ukuta hadi kwa wanaume, na minong'ono yao ikazidi. Masufuria matatu yaliyobaki yalingoja.

Alijifuta uso, akasimama kwenye mlango wa ukumbi, upawa mkononi.

Shaima alikuwa ameketi kati ya shangazi yake na mama wa bibi harusi, mwanamke mnene mwenye miwani na pete ya fedha. Alikuwa amevaa dera la kijani, na hina mikononi. Mikono hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Aliitenga nyama na mfupa, akaisogeza kwa mgeni. Akakipasua kiazi, nusu akaipeleka kwa shangazi. Akainua tonge. Mwanamina aliufuata mkono ule kwa macho, kwa mara ya kwanza bila kuongea na mtu, bila kumkaribisha mtu, bila kufikiria chumvi. Mkono ulipanda. Ulifika mdomoni. Ulikuwa mtupu; tonge lilikuwa limeachwa palepale siniani. Vidole viligusa midomo, vikashuka, vikaenda kumtafutia mgeni kipande chengine.

Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali lake, aliloambiwa na Kahonzi na sasa akaliona mwenyewe. Lilikuwa mbele ya macho yake miaka yote, katika mwanga wa mchana, likisifiwa.

"Mashallah, binti ana adabu!" alisema mama wa bibi harusi. "Tangu tuketi anatukatia sisi tu."

"Ndivyo tulivyowalea," alijibu Bi Muzne, akijinyoosha.

Shaima aliinua kichwa. Macho yake yalimkuta mama yake mlangoni. Mwanamina hakujua uso wake ulikuwa unaonyesha nini, lakini aliona mwanawe akinyoosha mgongo.

"Mama," alisema Shaima. Sauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwa sauti ambayo ukumbi ule haukuwahi kuisikia kwake. "Naomba sahani yangu."

Mazungumzo yalikatika kuanzia sinia la kwanza hadi la mwisho.

"Mtoto anatania," Bi Muzne alicheka haraka. "Shaima, kula, mwanangu. Chakula ki mbele yako."

"Sitanii, Shangazi. Nina maradhi ya ulaji, na nikikaa kwenye sinia sili. Huwagawia wengine tu." Aligeuka kwa mgeni. "Nisamehe, Mama. Hiyo iliyo mbele yako ni yangu."

Mama wa bibi harusi alitazama upande wake wa sinia. Nyama ilikuwa imerundikana pale, zaidi ya awezavyo kula mtu mmoja. Aliuondoa mkono wake polepole, kama mtu aliyegundua kwamba amekalia nguo ya mwenzake.

Mwanamina alikuwa ameshafika uani. Hakukumbuka kutembea. Sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu ilikuwa ndani ya kikapu chake, chini ya leso; asubuhi aliitia mwenyewe, akijiambia kwamba ameitia kwa mazoea. Alipakua wali, nyama, kiazi na rojo, kwa kipimo alichoonyeshwa na Kahonzi, hakupunguza na hakuzidisha. Bi Muzne alimfuata mbio.

"Mwanamina. Ukiingia na sahani hiyo mbele ya wakwe zangu, usije ukaniuliza kwa nini simu yako hailii."

"Sitakuuliza, wifi."

"Mpe hapa basi! Mwite ale hapa jikoni, nani atamwona?"

"Ndiyo maana sitaki," alisema Mwanamina. "Nani atamwona?"

Akapita. Wanawake walivuta miguu kumpisha. Aliiweka sahani mbele ya mwanawe, akaketi kando yake juu ya mkeka, na jasho lake na masizi yake, upawa akiulaza mapajani. Shaima aliitazama sahani, mikono yake ikibaki magotini.

"Kwanza mkono," Mwanamina alinong'ona.

Mama wa bibi harusi alikohoa. Aliisukuma miwani yake juu ya pua.

"Nimesikia wewe ni mtoto wa chuo," alisema, kana kwamba hakuna lililotokea. "Wasoma nini?"

Shaima alishtuka. Alimtazama.

"Mambo ya bahari, Mama. Samaki, matumbawe."

"Ehe! Marehemu mume wangu alikuwa na mitego pale mdomoni mwa mto Sabaki. Kila mwaka alisema samaki wamekimbia. Hebu niambie, wamekimbilia wapi?"

"Hawakukimbia," alisema Shaima. "Maji ya mto hushuka na udongo mwingi..." Alisita, akakata kipande cha nyama, akakitia mdomoni, akatafuna. Kilipita kwa taabu. "Hushuka na udongo mwingi, ukafunika mahali wanapozaa."

"Kula kwanza, kisha unieleze. Mimi siendi popote."

Sauti zilianza kurudi, sinia baada ya sinia. Shaima alichukua tonge la pili. Safari hii mkono ulipanda ukiwa umejaa, na ulishuka mtupu.

Abubakr alitokea kwenye mlango wa nje, akigeuza uso kwa heshima ya wanawake, kofia imekaa upande.

"Mama Shaima! Watu wameshanawa. Wameketi na mikono juu, wanauliza biriani!"

"Umesikia?" Bi Muzne alisimama mbele ya Mwanamina, sauti imechanika. "Wanaume wazima, mashekhe, wakwe! Inuka, Mwanamina! Mtoto ana mikono, atakula mwenyewe. Inuka ufungue masufuria!"

Mwanamina aliushika upawa. Alihisi macho ya ukumbi mzima, macho ya nyumba zote zilizompa kazi na nyumba zote alizotumaini zingempa. Alijua kwamba kesho maneno yatafika Mambrui, Gede na Watamu kabla hajamaliza kuosha vyombo. Kando yake mwanawe alikuwa ameacha kutafuna, akingoja kuona kama mama yake atainuka.

Hakuinuka. Alisema kwa sauti ya kuwafikia waliokuwa ndani na mumewe aliyekuwa nje.

"Nisikilizeni. Mwanangu ni mgonjwa, na dawa yake ni hii iliyo mbele yake. Ataila mbele za watu, leo na kesho na kila siku, mpaka apone, na mimi nitakaa naye. Baba Shaima, waambie wageni wangoje. Masufuria siyafungui mpaka Shaima amalize sahani yake."